Mbuzi wa Marehemu

"Hii betri umenunua kwa nani?"

"Madam, mimi sinunui. Mimi nachaji tu."

Inspekta Hasina Sulaiti aliitazama betri iliyokuwa juu ya kaunta, kisha akamtazama Janat, mwenye duka la kuchaji simu kando ya foleni ya malori ya Malaba. Duka lenyewe lilikuwa dogo, ukipiga chafya unaangusha simu za watu.

"Haya, umemchajia nani?"

"Kijana fulani. Aliacha hapa akasema anarudi. Hajarudi."

"Aliileta kabla ya mafuriko au baada?"

"Baada. Si ilikuja imejaa matope, mimi ndiye nikapangusa. Ningejua ni ya ile king'ora ya mtoni ningemfukuza na ufagio."

Hasina aliifunika betri kwa kiganja, kidole gumba ncha hii, kidole kidogo ncha ile. Shibiri moja na ushee. Asubuhi hiyo alikuwa amechutama mtoni, mahali mlingoti wa king'ora ulipoangushwa na watu wenye hasira, akachungulia ndani ya sanduku la chuma la betri. Ndani mlikuwa na tope lililokauka kila pahali, isipokuwa katikati, palipobaki safi, pana mwanya wa shibiri moja na ushee. Maana yake betri ilikuwa imekaa mahali pake wakati maji yanaingia. Aliyeichomoa alikuja tope likiwa limeshakauka.

"Asante, dada. Hii naondoka nayo. Huyo kijana akirudi, nipigie."

Nje, Konstebo Ojwang alikuwa amekaa kwenye usukani anakula njugu.

"Tumempata?" akauliza.

"Tumempata mwizi. Na hatusaidii kitu."

Ojwang aliacha kutafuna. Tangu juzi wote wawili walikuwa wanamtegemea huyo mwizi. Kama betri iliibwa kabla ya mto kufurika, basi Okiria, mtunza king'ora, hakuwa na kosa. Angepigaje king'ora kisicho na moto? Lakini betri ilikuwepo. King'ora kilikuwa kizima. Na Okiria alikuwa selo, kesho asubuhi anapelekwa kortini kwa kusababisha vifo vya watu wawili, bibi mmoja aliyeitwa Atyang na mjukuu wake Imakulata, waliokufa maji kijiji cha Aturei mto Malaba ulipovunja kingo alfajiri ya wiki iliyopita.

"Anasema aliipiga," Ojwang akasema.

"Anasema. Na kijiji kizima kinasema hakikulia."

Hilo ndilo lililomkera Hasina. Alikuwa amesoma taarifa zote za mashahidi, na zote zilisema kitu kimoja kwa maneno yale yale: hatukusikia kitu, tuliamshwa na maji. Kwa miaka aliyofanya kazi hii, hakuwahi kuona mke na mume wakikubaliana hata rangi ya gari lililowagonga. Leo kijiji kizima kimekubaliana mpaka koma. Mashahidi wa nje hawakuwepo. Madereva waliolala foleni alfajiri ile walikuwa wameshavuka kuingia Uganda, na hata wangekuwepo, malori hapa yanapiga honi usiku kucha, nani angetofautisha.

Wakiwa njiani simu ya Ojwang ililia. Akaangalia kioo, akaegesha gari kando ghafla, akashuka. Hasina alimwona kupitia dirishani amevua kofia, amesimama wima kama yuko mbele ya hakimu, anaitikia "ndio mama, ndio mama" huku anatazama chini. Aliporudi alikuwa anatoka jasho.

"Nani huyo, Kamishna?"

"Mama mkwe."

"Si uongee naye ukiwa umekaa?"

"Madam, unanitakia mabaya." Akawasha gari. "Amekuja Busia kutibiwa macho. Nyumba yangu iko na vyumba vya kutosha, lakini ameenda kulala loji huko steji. Afadhali akae na kelele za mabasi kuliko alale chini ya paa moja na mimi."

"Na wewe unaona sawa?"

"Sasa nitafanya nini? Nikimkuta kwa korido nimevaa kaptura, si tutakufa wote wawili hapo hapo."

Hasina alicheka. Kicheko hakikudumu, maana simu yake nayo ililia. Alikuwa Daktari Amondi, mtafiti wa mafuriko, yule mama aliyekaa miaka kadhaa na watu wa Aturei wakirudisha matete na mafunjo kwenye kingo zilizolimwa mpaka majini. King'ora kilikuwa chake. Ukumbi wa kukimbilia, ule uliojengwa mlimani juu ya kijiji, ulikuwa wake pia.

"Inspekta, Elgon inanyesha tangu asubuhi. Inanyesha vibaya. Maji yanashuka."

"Yatafika lini?"

"Kabla jua halijazama. Nina king'ora kingine hapa kwa pikapu, lakini vijana wamelaza magogo barabarani. Wanasema wakiona mlingoti tena wanaukatakata pamoja na mimi. Na hata nikiusimamisha, hawatatoka. Wameshaambiana ile kitu ni ya uongo. Watakaa ndani mpaka maji yawakute kitandani. Nisaidie."

Hasina alitazama kaskazini. Mlima Elgon haukuonekana kabisa. Mahali pake palikuwa na weusi mtupu.

"Ojwang. Kanyaga mafuta."

*

Aturei walikuwa bado wako matangani. Turubai kubwa la buluu lilikuwa limetandazwa juu ya miti, na chini yake wanawake wameketi kwenye mikeka. Nyumba za bondeni zilikuwa zimelegea kuta, nyingine hazina ukuta kabisa. Aliyewapokea hakuwapokea kwa salamu.

"Mmekuja kutuambia mtu wenu ameshafungwa?"

Huyo alikuwa Mama Amoit, mdogo wake marehemu, mwanamke mrefu wa miguu mipana. Alikuwa ameolewa Khunyangu, kule Butula, na alikuja alipopokea habari za msiba.

"Pole sana, mama," Hasina akasema, akapiga magoti kumshika mkono. "Kesho anaenda kortini. Nataka nijue kama ndiye."

"Ni yeye. Dada yangu alikuwa na masikio mazuri kunishinda. Angesikia hiyo kitu angepanda huko juu na mtoto, saa hii tunapika ugali pamoja. Alilala, huyo mlevi. Namtaka mbele yangu."

"Dada yako hakutoka kabisa nyumbani?"

"Walimkuta mlangoni mwa jikoni yake, mtoto amemshika leso. Angetoka, angekuwa mzima." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Kitu kimebaki ni ile mbuzi tu."

Alielekeza kidole juu mlimani. Ukumbi ulikuwa huko, wa mabati mapya, na kwenye nguzo ya baraza mbuzi mweupe mwenye sikio jeusi alikuwa amefungwa, anachungulia bonde.

"Ni yake?"

"Yake. Nilipotoka Khunyangu nilimwona pale pale, na mpaka leo hajatolewa. Watoto wanampelekea majani."

"Mbona wewe hujamchukua?"

Mama Amoit alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havui nguo sokoni. "Ukumbini kuna mkwe. Echodu, mume wa Sharlyne, binti ya marehemu. Mguu wake umevunjika, analala huko. Nitakaribia vipi?"

"Kwa hiyo unalala wapi?"

"Hapa. Chini ya turubai."

"Na baridi yote hii?"

"Baridi itaniua mimi? Aibu ndiyo inaua."

Hasina alibaki amepiga magoti kwenye mkeka, anamtazama yule mbuzi. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akamnong'oneza Ojwang, "Twende juu. Na usiongee kitu."

Kamba ya mbuzi ilikuwa imefungwa nguzoni mafundo mawili, ncha imepenyezwa ndani ili isifunguke. Mbuzi hajifungi. Wala mbuzi aliyekimbia maji hapandi mlima akatafuta nguzo.

Ukumbi ulikuwa chumba kimoja kirefu, mlango mmoja, madirisha madogo juu. Echodu alikuwa amelala kwenye godoro karibu kabisa na mlango, shuka kiunoni, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia paja hadi vidole. Alikuwa mbeba mizigo pale mpakani, mwenye mabega, lakini uso ulikuwa umeingia ndani. Mkewe Sharlyne alikuwa kwenye kona anachambua mboga.

Hasina alivuta benchi.

"Pole, bwana Echodu. Mguu ulipatwa na nini?"

"Gunia za mahindi. Tulikuwa tunashusha lori, zikanilalia."

"Ulipigwa plasta kabla ya mafuriko?"

"Kabla."

"Na maji yalikukuta wapi?"

"Kitandani." Alijibu haraka. "Nilishtuka maji yako hapa." Akagusa tumbo.

"Ukatokaje?"

"Majirani walinibeba."

"Kwenye maji?"

"Kwenye maji. Yalikuwa kifuani mwao."

"Na mguu?"

"Mguu nilikuwa nao."

Ojwang alikohoa. Hasina aliinama, akagonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama mlango. Ilikuwa ngumu, nyeupe, na karibu na goti palichorwa kuku kwa kalamu ya buluu, kuku mwenye miguu mitatu na jua juu ya kichwa. Kila mstari ulisimama, hakuna uliotawanyika.

"Kuku huyu kachorwa na nani?"

Kule kwenye kona mboga ziliacha kuchambuliwa.

"Bwana Echodu. Nani kachora?"

"Mtoto."

"Imakulata?"

"Siku nilitoka hospitali. Alisema mguu unakaa uchi."

Hasina alikuwa na binti wa umri wa kuchora kuku kama huyo. Lakini akaendelea, na alijichukia kwa kuendelea.

"Plasta ikiingia maji inalainika kama uji. Wino huu ungekuwa umefutika. Mguu huu haujaguswa na maji hata tone. Ulikuwa hapa juu kabla mto haujafika. Sasa niambie, mtu aliyevunjika mguu alitolewa kitandani alfajiri, akapandishwa mlima na majirani. Ni nini kiliwaamsha?"

"Sijui."

"Mbuzi wa mama mkwe wako yuko nje, amefungwa mafundo mawili. Nani alimfunga?"

"Sijui, madam."

"Mimi najua. Alifika. Alifika mpaka mlangoni hapa, mjukuu mkono mmoja, kamba mkono mwingine. Akamfunga mbuzi, akataka kuingia." Hasina akaelekeza kidole kutoka mlangoni hadi godoro, hapakuwa na hatua mbili. "Akakuona."

"Wachana naye." Sharlyne alikuwa ameinuka. Mboga zilimwagika miguuni pake. "Wachana na yeye. Mimi ndiye nilisema haikulia. Niandike mimi."

"Kililia, au hakikulia?"

"Ililia." Alikaa chini pale pale aliposimama. "Ililia sana. Tukakimbia wote, yeye wakambeba. Suruali haingii na hiyo plasta, walimweka hapo na kaptura. Mama akaja nyuma. Nilimwona akisimama. Akageuza uso. Nikamwambia, mama, ingia. Akasema ataketi nje. Lakini mvua ilikuwa imeshaanza, inapiga baraza yote, mtoto anatetemeka. Akasema, wacha nirudi jikoni kwangu nimkaushe, maji yakikaribia nitapanda."

"Hakuna aliyemzuia?"

"Nani angemzuia? Watu wote walinyamaza. Alikuwa anafanya vile inafaa. Hata mimi ndani ya roho niliona ni sawa." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nilimwachia mtoto wangu, madam. Alizoea kulala na nyanya yake. Nilimwachia."

Echodu alikuwa amejifunika uso kwa kiwiko.

"Halafu?" Hasina akauliza polepole.

"Halafu asubuhi tukawapata. Vijana waliolala kazini mpakani wakarudi, wakaanza kuuliza ilikuwaje. Ningesema nini? Kwamba mama yangu amekufa kwa sababu ya kaptura ya bwanangu? Wangemwita muuaji maisha yake yote. Nikasema haikulia. Walionisikia ndio hao walikuwa hapa ndani. Hakuna mmoja alinikatalia. Vijana wakashuka wakavunja mlingoti."

"Na Okiria?"

"Okiria nilijua watamwachilia. Si ni kitu ya mradi tu, nani hufungwa kwa hiyo?"

"Kesho anapelekwa kortini, dada. Ana watoto. Na mto unakuja tena leo."

Sharlyne akainua kichwa.

"Leo?"

"Elgon inanyesha. King'ora kitalia jioni hii, na kijiji chote kitakaa ndani kwa sababu wewe umewaambia ambao hawakuwepo kwamba ni cha uongo, na waliokuwa ndani wanaona aibu kusema ni cha kweli. Sitaki taarifa ya kuandikwa sasa. Nataka ushuke pale chini ya turubai ukaseme kwa mdomo wako."

"Mama mdogo yuko pale."

"Ndio."

Sharlyne alimtazama mumewe. Echodu aliondoa kiwiko usoni.

"Nenda," akasema. "Mimi nimechoka kuchunguliwa na hiyo kuku."

*

Sharlyne aliyasema amesimama, mbele ya watu wote, kwa Kiteso, na Hasina hakuhitaji mkalimani. Alitazama nyuso. Waliokuwa ukumbini alfajiri ile waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, na kwa vichwa hivyo angeweza kuwatia wote pingu kwa kusema uongo. Hakutia mtu. Mama Amoit alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Kisha alijifunga leso kichwani upya, akamgeuzia Sharlyne mgongo, akakaa.

Hasina alimpigia mkubwa wake kituoni, wakabishana, akamwambia maneno ambayo pengine angeyajutia Jumatatu. Ojwang akaenda na gari, akarudi na Okiria, mtu mdogo wa ndevu za mvi, bado hana mkanda wala kamba za viatu. Vijana waliokuwa wamelaza magogo waliyaburuta pembeni wakiangalia chini. Pikapu ya Daktari Amondi ikapita.

"Mzee Okiria," Hasina akamwambia, "una haki ya kwenda nyumbani."

"Nyumbani kwangu ni hapo chini kwa maji, madam," Okiria akasema. "Betri iko wapi?"

Hasina akaifungua buti ya gari, akampa ile ya dukani kwa Janat.

Daktari Amondi alisimama mlangoni mwa ukumbi wake muda mrefu, anatazama kile chumba kimoja. Aliposimuliwa, aliuma mdomo.

"Tulipima kila kitu," akasema. "Tulipima mto, tukapima udongo, tukauliza watu wangapi wataenea. Hakuna aliyesema juu ya wakwe."

"Uliuliza?"

"Mimi ni Mluo, Inspekta. Hata mama yangu halali kwangu, kwa sababu ya mume wangu. Nilijua, na sikuwaza." Akafuta macho na mkono wa koti. "Sijui niliwaza nini."

"Hapana wakati wa hayo sasa. Ojwang, lete lile turubai la matangani."

Walilikata kamba, wakalibeba watu sita, wakalitundika kutoka paa hadi sakafuni katikati ya ukumbi, upande huu wanaume, upande ule wanawake. Okiria na vijana wale wale waliouvunja mlingoti walikuwa wakiusimamisha mpya kwenye mwinuko. Mto tayari ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kahawia nzito, na matete yaliyopandwa kingoni yalikuwa yanalala upande mmoja na kuinuka tena.

King'ora kikalia.

Mwanzo hakuna aliyetoka. Kisha mlango mmoja ukafunguka, mwanamke na watoto na sufuria, kisha mwingine, na baada ya hapo njia ya mlimani ikajaa watu, magodoro, kuku, mzee amebebwa mgongoni. Maji yakaanza kuingia kwenye mashamba ya chini.

Mama Amoit alikuwa wa mwisho. Alifika barazani amelowa, akasimama mlangoni, pale pale dadake aliposimama. Turubai lilikuwepo, lakini alijua nani yuko nyuma yake. Hakuingia. Mvua ilimpiga mgongoni. Sharlyne alinyoosha mkono, kisha akauteremsha. Ojwang, afisa wa polisi, alikuwa ametazama ukutani.

Hasina alifungua mdomo aseme neno, na Echodu akamtangulia.

"Mama." Sauti ilitoka nyuma ya turubai, kavu, ya mtu ambaye hajawahi kumsemesha hata mara moja. "Mimi niko upande huu. Nimejifunika blanketi mpaka kichwani, majirani wamenikalia mbele. Siwezi kukuona. Hata ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa ndani. Usirudi."

Mama Amoit alisimama bado. Bondeni kitu kizito kilianguka majini, labda ukuta.

Akageuka, akarudi kwenye nguzo. Sharlyne alitoa sauti ndogo. Lakini yule mama alikuwa ameinama tu, anahangaika na yale mafundo mawili ya dadake, yaliyokuwa yamekazwa na mvua, na vidole vyake vilichukua muda. Yalipofunguka, akaizungusha kamba mkononi, akamvuta mbuzi, akaingia naye.